Kompyuta ya Marehemu Iliyoniita Jina

Najua huku Temeke wapo wanaosimulia kwamba Mzee Mwinshehe alikimbia arobaini ya rafiki yake amevaa ndala za kike, na wengine wanaongeza kwamba nilikuwa nalia, basi acheni niseme mwenyewe: kulia sikulia, ila kukimbia nilikimbia, tena jua likiwaka, mbele ya shehe.

Mie shule niliishia darasa la tatu, lakini duka langu la kuchapa kadi za harusi nimelijenga kwa mikono hii, na biashara huria iliporuhusiwa nikawa wa kwanza mtaani kuweka kompyuta (unabofya picha kwa kipanya, inafunguka, basi). Kwa hiyo siku hiyo ya arobaini, nyumbani kwa marehemu Kurasini, Bi Mwanaidi, mjane wa rafiki yangu Salehe, aliponinong'oneza, "Shemeji, marehemu alisema mahali alipoficha hati ya nyumba kaandika humo kwenye kompyuta, na ndugu zake wanasema nisipoionyesha leo nihame," nikajibu kwa sauti wote wasikie, "Kazi ya dakika moja hiyo!"

Zuhura, binti wa dada yake Salehe, mwalimu wa sekondari, akanifuata. "Mjomba, hiyo si kama ya dukani kwako. Ina Linux, mfumo mwingine kabisa, mie ndiye niliyemwekea. Niache nifungue."

"Kaa chini, mwanangu. Mie nakula kwa kompyuta."

Nikaiwasha. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakashuka mbiombio kama mtu anayesoma kwa pumzi moja, kisha yakasimama, kikabaki kimstari kimoja kikipepesa kama jicho. Picha hakuna. Kinaniuliza jina. Nikaandika langu. Kikataka neno la siri, nikabonyeza, na wallahi herufi hata moja haikutokea, kama naandika majini. Nikabonyeza kwa nguvu. Inameza tu. Ubani unafuka, nyuma yangu watu wananyoosha shingo, na mdogo wake marehemu anacheka puani: "Fundi, dakika ndiyo hiyo?"

"Imekufa," nikasema, na mikono nimeinua. Sijagusa kitu. Nje muadhini akaanza adhana ya alasiri, na hapo kioo, chenyewe, kikaandika:

MWINSHEHE, UMEKUJA?

Hiyo alasiri ndiyo saa yangu na Salehe. Miaka yote tulicheza bao saa hiyo, mpaka alipolala kitandani, mie nikawa nasema nitakwenda kesho, nitakwenda kesho (naogopa wagonjwa, niseme ukweli). Basi nikapiga ukelele, nikarukia mlangoni, nikajikwaa kwenye kitu kizito kilichoegemezwa ukutani, nikachomeka miguu kwenye ndala nilizozikuta, nikasimama barabarani, malori ya makontena yananipita.

Zuhura ndiye aliyenifuata. "Mjomba, rudi, si jini. Mie nilimfundisha marehemu kuiamuru kompyuta iandike kitu kila siku saa ileile, akasema atakutania ukija. Akawa anakusubiri nayo kila alasiri."

"Siku ngapi?"

Akageuka akarudi ndani, nami nyuma yake, akaandika neno lake la siri (kumbe hata kwake halionekani, ndivyo ilivyo), akasoma kwa sauti barua aliyoiacha Salehe humo: "Hati nimeipigilia chini ya bao, upande anaokaa Mwinshehe. Akija kucheza tu, atahisi limekuwa zito."

Watu wote wakageukia mlangoni. Bao lilikuwa limelala kifudifudi pale nilipojikwaa, na bahasha imepigiliwa misumari minne. Bi Mwanaidi akaibandua mwenyewe, na yule shemeji yake aliyecheka puani akatafuta kofia yake aondoke.

Leo Zuhura ananifundisha Linux dukani kwangu, nami najifunza kusema "sijui" kabla ya kugusa chochote. Alitaka kuifuta ile amri, nikamkatalia. Kila alasiri nafika Kurasini, nakaa upande wangu wa bao, kioo kinaniuliza, na najibu kwa mdomo, watu wacheke wakitaka: "Nimekuja, Salehe." Na mgonjwa wa kumwendea kesho kwangu hayupo tena: nikisikia mtu anaumwa, namwendea leo.