Tundu Alilolitoboa Babu Yako

Nakumbuka siku ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, na laiti ungeniacha Jumapili ile bila kupanda ngazi na ndoo yako ya saruji, pengine ningekufa nayo bila kukusimulia. Lakini ulipanda. Ukasema unaziba lile tundu lililo juu ya dirisha la chumba chenu, kwa sababu umeme umepanda, hita inakula yuniti, na joto lote linatokea pale kwenda kuwapasha moto majirani. Ukanitania na methali juu: "Mzee, usipoziba ufa utajenga ukuta." Nami nikakufokea mbele ya mkeo na mtoto wa siku kumi na mbili, nikaipiga teke ndoo, saruji ikamwagika uani. Umeninunia tangu siku hiyo. Una haki ya kuninunia. Mtu mzima hapigi teke ndoo bila kutoa sababu, na sababu nilikuwa sina ujasiri wa kuitamka.

Leo nitaitamka, maana jana jioni nilimwona mkeo akinunua mkaa wa kopo pale kwenye kona, na nilipomuuliza, akasema huku akiangalia chini, kwa ile heshima yake, "Ni wa kumpashia mtoto chumba, baba. Hita tumeizima." Chakula cha jana sikukimaliza, na mama yako hakuniuliza kwa nini. Anajua.

Nilikuwa kijana kukuzidi wewe wakati huo. Nyumba hii ya hapa mtaa wa Soweto ilikuwa mpya, nimeimaliza kwa kushona sare za shule, na ilikuwa nyumba ya kwanza katika ukoo wetu kuwa na siling bodi na madirisha ya vioo. Madirisha yalifunga barabara kabisa, nikawa nawaonyesha watu yanavyofunga. Kule Tukuyu tulikozaliwa tulilala katika nyumba za nyasi, upepo unaingia unakotaka. Hapa nilijiona nimeishinda baridi ya Mbeya.

Kisha likaja la luku, umeme wa kulipia kabla. Kabla yake bili ilikuja mwisho wa mwezi, unaguna, unalipa, unasahau. Mita mpya haikukuachia nafasi ya kusahau. Ilikaa pale ukutani inahesabu kurudi nyuma, nami nikawa mtumwa wake. Nilikuwa naichungulia nikiamka, nikitoka kula, hata katikati ya kupima kiuno cha mteja. Bei ilipopanda mara ya kwanza nikatoa taa ya barazani. Ilipopanda tena nikaficha pasi. Mama yako alikuwa ananicheka, anasema nimeoa mke wa pili aliye ukutani.

Dada yako Tusekile akazaliwa Juni, mwezi ambao ukungu wetu unashuka asubuhi na kukaa mpaka kesho yake. Mjomba wako akatuletea hita. Unajua mila yetu, mzazi na kichanga hawapigwi na baridi, wanawekewa moto. Basi ile hita ikawaka siku tatu, na siku tatu zile sikulala kwa ajili ya mita. Namba zilikuwa zinashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Siku ya nne nikaichomoa. Nikajiambia: bibi zetu walikuwa na hita? Si waliota moto wa kuni, wakatuzaa na kutulea?

Hapo ndipo palipo na ujinga wangu, mwanangu, usipite haraka. Nilichukua mila ya nyumba ya nyasi nikaiingiza katika nyumba ya siling bodi.

Sikufanya kizembe, nataka ujue. Nililiwasha jiko la mkaa nje, nikalipepea mpaka makaa yakawa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nilijua moshi ni mbaya kwa mtoto. Hapana moshi, hapana tatizo, ndivyo nilivyoamini. Wiki nzima nikawa naliingiza, nalitoa, na dirisha naacha wazi kidogo, kwa hiyo Mungu akatuvumilia. Siku ninayokusimulia upepo ulikuwa unasukuma manyunyu ndani. Nikalifunga dirisha. Nikachana gunia la zamani nikaziba nalo chini ya mlango. Mama yako alilalamika kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Nikamwambia ni uchovu wa uzazi, lala.

Nikatoka barazani kwenye cherehani yangu, nimefurahi. Nilipita kwenye mita, nikaona haijatikisika tangu asubuhi. Nilikuwa nimeishinda.

Mchana huo babu yako akafika kutoka Tukuyu, amelowa, mkungu wa ndizi begani, kuja kumwona mjukuu. Sasa wewe ni mtoto wa siku hizi, mkeo ananisalimia na tunakaa sebule moja. Zamani haikuwa hivyo. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani. Akipita huyu, yule anajificha. Jina la mkwe halitamkwi, sahani yake mkamwana hamkabidhi mkononi. Babu yako alikuwa mkali wa mwiko huo kuliko wazee wote niliowajua. Tangu nioe alikuwa hajauona uso wa mama yako, na akija hapa anakaa barazani hata mvua inyeshe.

Akakaa. Tukaamkiana, nikamshukuru kwa ndizi, "Ndaga fijo, Tata." Akasema, "Niletee mtoto nimwone."

Shangazi yako aliyekuwa akiuguza uzazi alikuwa ameenda sokoni, kwa hiyo wa kumtoa mtoto ni mimi. Nami, mwanangu, nisamehe, niliwaza joto. Niliwaza nikifungua ule mlango joto la asubuhi nzima litatoka, itabidi niongeze mkaa. Nikamwambia, "Wamelala, Tata. Ngoja waamke."

Akangoja. Mimi nikaendelea kukanyaga cherehani, namsimulia jinsi nilivyoikomoa mita. Alikuwa msikilizaji mzuri, anaitikia kwa kichwa. Baadaye akauliza tena, nami nikamjibu vilevile. Tulikaa pale, watu wazima wawili, hatua saba kutoka kwenye ule mlango. Hatua hizo nimezipima mara nyingi tangu siku ile.

Mara ya tatu hakuuliza habari ya kumwona. Alisema, "Simamisha hiyo cherehani."

Nikaondoa miguu. Gurudumu likazunguka, likatulia. Tukasikiliza. Manyunyu juu ya bati, basi.

"Mtoto wa wiki mbili," akasema, "tangu nifike hajalia?"

"Joto limemkolea."

"Mwite mama yake."

Nikaita nikiwa nimekaa palepale. Nikaita tena kwa sauti. Hapo ndipo woga uliponishika, na si woga wa kusimulia. Nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba nimefanya jambo. Na unajua niliganda? Niliganda kwenye kiti, mkasi mkononi. Nilimwona baba akisimama, akauangalia ule mlango ambao hakupaswa kuugusa, akavua kofia yake sijui kwa nini, akaenda.

Gunia liliubana. Akausukuma kwa bega mara mbili. Ulipofunguka, likatoka joto zuri, tamu, la nyumba ya mzazi. Hakuna moshi. Hakuna harufu. Mama yako amelala ubavu, mdomo wazi, na Tusekile kifuani mwake, kichwa kimening'inia kama nguo iliyolowa.

Babu yako akamshika mkamwana wake makwapani. Yule ambaye alikuwa hajapata hata kumtazama. Akamburuta sakafuni, nguo zimempanda, akampitisha barazani mpaka nje kwenye manyunyu, akinipigia kelele, "Chukua mtoto! Mtoe nje!"

Nikamchukua. Alikuwa na joto lakini hana uzito wa mtu aliye hai. Sasa sikiliza jambo linaloniamsha mpaka leo: nilipofika mlangoni, upepo uliponipiga, nilirudi hatua moja ndani nitafute blanketi. Nikasema, "Tata, baridi!" Baba akaniacha niseme? Alimpokonya mtoto mikononi mwangu, akamfungua nguo kifua, akamwinua kwenye upepo na manyunyu, ile baridi niliyokuwa napigana nayo wiki nzima, akampangusa uso kwa maji ya mvua. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Nilimsikia baba akinong'ona na Mungu kwa Kinyakyusa, haraka haraka, kama mtu anayebishana bei.

Kisha Tusekile akakohoa. Akalia kilio chembamba, cha kukwaruza. Mimi nikakaa chini kwenye matope nikalia kumzidi.

Mama yako alichelewa zaidi. Jirani alitupakia kwenye pikapu yake mpaka hospitali, na mama yako alifumbua macho njiani, asijue hata jina langu. Nesi alinieleza bila kunionea huruma: mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu ambayo haionekani wala hainuki, na kadiri ulivyo mwekundu ndivyo unavyokudanganya. Kile kichwa kilichokuwa kikimgonga mama yako tangu asubuhi kilikuwa ni hodi ya mauti, nami nikamwambia alale.

Baba alinisubiri kwenye benchi la nje. Nilitegemea matusi. Akaniuliza tu, "Umeokoa nini?" Baadaye akasema, "Nyumba ya bibi yako ilikuwa inapumua. Moshi unatokea kwenye nyasi, upepo unaingia kwenye fito. Hii yako umeiziba pua, ukaiziba mdomo, halafu ukaweka moto tumboni." Kisha akasema kwa sauti ya chini, na hili ndilo lililonivunja: "Na mimi nimekaa pale barazani nikilinda heshima. Mwiko umewekwa kulinda watu. Nusura niwazike kwa kuushika."

Kesho yake aliazima nyundo na tindo kwa jirani. Hakuwa fundi, ndiyo maana tundu lile ni baya kiasi hicho, limepinda, na tofali limemeguka upande mmoja. Alipiga asubuhi nzima na hakukubali nimsaidie. Tangu siku hiyo mama yako alimwandalia mwenyewe maji ya kunawa mpaka mzee alipofariki, wakitazamana usoni, na wazee wa ukoo waliolalamika wakaambiwa waje walalamike mbele yake. Hakuna aliyekuja. Tusekile hajui haya. Yuko Iringa anafundisha watoto wa watu, na anachojua ni kwamba babu yake alikuwa hawezi kuvumilia anyamaze.

Basi, mwanangu, methali yako ya Jumapili haikukosea, ila uliibandika mahali pasipo pake. Kuna ufa wa kuziba na kuna tundu la kuachwa. Najua maisha yamepanda. Umeme umepanda, gesi imepanda, mkaa wenyewe si ule wa zamani. Sikwambii usibane matumizi. Bana. Maharage chemsha mara moja ya siku mbili, hita iwashe mkiwa macho kisha izime, maji ya moto yatie kwenye chupa, ifunge kwa kitenge, iweke miguuni pa mkeo. Mtoto alale kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, hakuna hita inayoshinda hiyo. Lakini jiko la mkaa lisilale na watu. Pikia nje, liache nje, hata likiwa jekundu na zuri kiasi gani. Wala tundu la babu yako lisikudanganye kwamba linatosha. Halitoshi. Liko pale kukukumbusha tu. Na mkeo akisema kichwa kinamgonga, usimwambie alale. Mtoe nje kwanza, mengine mtaulizana huko.

Na yuniti zikiisha, njoo huku nyumba ndogo ya uani tunakolala mimi na mama yako, uniambie. Mficha uchi hazai. Mimi niliona aibu kumwomba baba yangu mzigo wa kuni na hela ya umeme, nikaona bora nionekane mwanamume aliyeishinda mita. Majuto ni mjukuu, wanasema, ila majuto yangu mimi yangekuwa binti.

Mungu akupe nyumba yenye joto na yenye pumzi. Amkuze mtoto wako alie kwa nguvu, awasumbue, awanyime usingizi, na wewe umshukuru Mungu kwa kila kelele. Baraka ya babu yako aliyevua kofia mlangoni iwe juu yenu watatu.

Kumwomba radhi mkeo kwa ile ndoo nitakuja mwenyewe. Mwambie pia jambo hili ili asishtuke: mimi usingizi wangu ni mwepesi, na kutoka huku uani namsikia mjukuu wangu akilia. Siku nitakayoona amenyamaza mno, sitapiga hodi.