Maziwa ya Kapita

Baba yangu Eliezeri alikuwa hali majani. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira yangu yote imeota hapo. Lengalenga, yaani mchicha, sombe ya majani ya mihogo, kabichi, hata jani la kitunguu likionekana juu ya mchuzi: kwake yote yalikuwa nyasi. "Mimi si ng'ombe," alisema, akasukuma bakuli. Alikuwa mchunga ng'ombe wa milima ya Itombwe, Kongo, mtu wa maziwa na nyama. Vita vilimmalizia ng'ombe wote, lakini ubishi wake alifika nao kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mzimamzima.

Kambini tulipewa mahindi na maharage. Mama yangu, Mukamazimpaka, hakukaa akiangalia magunia. Alilima kibustani nyuma ya nyumba na lengalenga zikastawi hadi watu wakaja kuomba mbegu. Akapika. Baba akasukuma. Na nyumbani kwetu sheria ilikuwa hiyo hiyo siku zote: mama hakuanza kula kabla baba hajaonja, na alichokisukuma baba yeye hakukigusa. Kilikwenda kwa kuku wa jirani. Wale kuku walinenepa sana miaka ile.

Mwaka 2009 mama aliishiwa damu. Muuguzi alimwambia ale mboga za majani na matunda, kila siku, asikose. Mama aliitikia, akarudi nyumbani, akapika, akaweka mbele ya baba. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa. Sisemi majani pekee yangemwokoa. Mimi ni fundi cherehani, sikusomea hayo. Nasema tu nilikuwepo, na bakuli lile nililiona likisukumwa.

Baada ya matanga nikahamia Kakoba, Mbarara, nikaweka cherehani yangu barazani. Jumapili nilipanda gari kwenda Nakivale kumwona baba, kwa sababu baba ni baba. Kumsamehe ni neno lingine.

Alikuwa na rafiki mmoja, Anselme, Mulega wa Mwenga, kabila la watu wa msituni. Huko Kivu watu wao na watu wetu Wanyamulenge wamezikana vya kutosha. Hawa wawili wakagawana kiberiti, chumvi na kivuli cha nyumba, na watu wakawashangaa. Anselme alikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Kapita. Kapita alijua kusema "Karibu, ikala!", yaani karibu uketi, na kupiga mluzi kama bwana wake. Mwaka 2013 Anselme akapata safari ya Amerika. Kasuku hapandi ndege ya wakimbizi. Anselme akamchukua Kapita na kizimba chake, akamkabidhi baba mbele ya majirani wote.

Dada yake Anselme, Gisèle, hakuficha neno. "Ndege ya pori unamupatia mutu wa ngombe? Atamuua."

Baba alisikia, na neno likamchoma. Kwetu mtu akikugabia ng'ombe, yaani akikupa zawadi, mmefungana undugu, na ng'ombe huyo akikonda umemtukana aliyekupa. Kwa baba, Kapita alikuwa ng'ombe wa Anselme. Akifa, Gisèle atapata la kusema, na wote wanaongoja kuona Mnyamulenge na Mulega wakishindwa kukaa pamoja watapata la kushangilia. Baba akaapa kwamba Kapita hatakonda.

Sasa mchunga ng'ombe humheshimu nani kwa mboga? Wakati huo alikuwa akichunga ng'ombe wa bwana Rwakabuba, upande wa Rugaaga, na akilipwa maziwa. Akachonga kikombe cha mti, kidogo kama ganda la yai, akawa anamnywesha Kapita maziwa asubuhi na jioni. Mkate akauloweka kwenye maziwa. Ndani ya kizimba akaweka jiwe, na juu ya jiwe chumvi ya ng'ombe, alambe. Mara ya kwanza nilipoona nilicheka hadi nikashika mbavu. Miezi michache baadaye sikucheka tena. Kapita alikuwa amejinyonyoa manyoya ya kifua, kinyesi chake maji matupu, na "Karibu" haikusikika tena.

Unajua baba alinipigia simu kuniagiza nini? Dawa ya minyoo ya ng'ombe, kutoka duka la dawa za mifugo Mbarara.

"Sinunui," nikamwambia. "Acha maziwa."

"Nani amewahi kufa kwa maziwa?"

"Na nani amewahi kufa kwa mboga?"

Akakata simu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Anselme naye alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na Jumapili iliyofuata nilikuwepo. Kapita alikuwa amejikunja pembeni, kifua kitupu, ngozi yake ya waridi inaonekana. Baba akaweka simu kwenye sauti kubwa, uso mkavu.

"Eliezeri, Kapita iko muzuri?"

"Iko muzuri, ndugu yangu. Inakunywa muzuri sana."

Inakunywa muzuri! Mtu mzima, mzee wa kanisa, anadanganya huku ndege anatetemeka mbele yake. Nikamnyang'anya simu. Ndiyo, nilimnyang'anya baba yangu simu, na ningefanya tena leo.

"Papa Anselme, anadanganya. Kapita anakufa. Anamnywesha maziwa na chumvi."

Sauti ya Anselme ikalipuka hadi Kapita akainua kichwa.

"Maziwa? Ule ni mutoto wa ngombe? Eliezeri! Nilikupatia ndege, wewe unafanya ndama!"

"Hukuniambia kitu!" baba akafoka. "Uliniachia mutu bila kusema anakulaka nini!"

"Mutu anaambiwaka kupumua? Kwetu kila mutoto anajua!"

"Mimi si mutoto wa kwenu!"

Walipigiana kelele hadi majirani wakasimama mlangoni. Nilidhani undugu umeishia pale. Lakini Anselme alihema, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa imechoka.

"Sikia, ndugu. Maziwa, chumvi, mukate, ondoa yote. Umupatie ngazi, matunda ya mawese. Paipai. Lengalenga, pilipili, mbegu ya maboga, mahindi ya mubichi. Karanga kidogo tu. Hapana kitu moja kila siku. Leo hii, kesho ingine. Pori iko na vitu mingi, na ule anakulaka vitu mingi. Avoka hapana, ile ni sumu kwake."

"Na akikatala?"

"Ukule wewe mbele yake. Kasuku hapendake kula peke yake. Anaangaliaka mutu, kisha anafwata."

Baba alikwenda kumwaga kikombe, akalitupa lile jiwe la chumvi, akavaa koti, akatoka. Alikwenda kwa Gisèle. Gisèle alimtukana hapo uani, watu wakisikia, na baba akasimama kofia mkononi mpaka alipomaliza. Kisha Gisèle akampa ngazi za kutoka Kongo na furushi la lengalenga. Mimi Jumapili iliyofuata nilileta papai, karoti na mbegu za maboga kutoka soko la Kakoba.

Kapita alionja ngazi moja, akaiacha. Papai alilipa mgongo. Lengalenga aliitupa nje ya kizimba. Alikuwa amezoea kikombe chake.

Baba akavuta kigoda, akaketi mbele ya kizimba. Akachukua jani la lengalenga, akalitazama kama mtu anayeangalia nyoka, akafumba macho, akatia kinywani. Akatafuna. Akameza. Akachukua la pili. Baba yangu, Eliezeri wa Itombwe! Kapita alishuka tawi moja, akainamisha kichwa, akaangalia lile taya likienda. Akashuka lingine. Baba akampa jani, naye akalishika kwa mguu na kuanza kulichana polepole.

Ningepaswa kufurahi. Nilihisi kifua kinataka kupasuka kwa hasira.

"Mama alikupikia hayo," nikasema. "Miaka yote hiyo."

"Mama yako alikuwa na bustani yake." Aliendelea kutafuna, hakugeuka. "Nani alimkataza kula?"

"Hakukatazwa na mtu, Baba. Alikuwa anakungoja uanze."

Taya la baba likasimama. Kapita naye akaacha kula, jani liko mguuni, akamkazia macho mdomoni, akimngoja.