Mke Mmoja na Watoto Wake

Mdogo wangu wa baba mmoja ana uso laini mpaka leo, na ni mtu wa makamo kama mimi. Tukikaa pamoja harusini hapa Kisarawe, wageni humuuliza kama mimi ni shangazi yake. Tumepishana miezi tu. Yeye hucheka, akawajibu, "Huyu dada yangu, ndui tu ilimpitia." Anasema ilimpitia, kama manyunyu yanavyompitia mtu njiani. Ndui haikunipitia. Ililetwa kwangu na watu ninaowajua. Majina yao siyaandiki, maana wengine ni marehemu na mmoja bado anakula kwa mkono wangu, lakini nitawataja walivyokuwa kwetu: baba yangu, mke mdogo wa baba yangu, na dresa, tabibu wa shamba la mkonge. Kila mmoja achukue fungu lake.

Baba alikuwa mpiga moto wa boila katika shamba la mkonge la Mzungu mmoja, si mbali na kwetu Mbwawa. Kazi ya boila haikuwa ya kibarua wa siku. Mpiga moto alipewa chumba kambini, na kila mwezi alikatwa kidogo kwenye mshahara kwa ajili ya dawa. Kwa makato hayo yeye na watu wake walichanjwa ndui, masika walimezeshwa kwinini kabla homa haijawashika, watoto walinyweshwa dawa ya safura, na mwenye mimba alitazamwa tumbo lake angali mzima, anatembea. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Wao walitibiwa wakiwa hawaumwi. Sisi wa nje tuliugua kwanza, tukapelekwa kwa mganga baadaye, na wengine wetu hatukufika.

Sasa sharti la shamba lilikuwa hili: mke mmoja na watoto wake. Mzungu kwao alijua mke mmoja, habari ya wa pili hakutaka hata kuisikia. Na baba alikuwa na wawili. Mama yangu ndiye bi mkubwa, aliyeolewa baba akiwa hana hata kanzu ya Ijumaa. Baba akamwandikisha bi mdogo. Akapewa kibati chenye namba, akakitia uzi, akakivaa shingoni juu ya kanga ili kila mtu akione.

Nilikuwepo mama alipomuuliza.

"Kwa nini yeye?"

"Wewe una shamba. Ukihamia kambini, mihogo atapalilia nani?"

"Kwa hiyo mwenye jembe haugui."

"Mama watoto, usinitafutie maneno."

"Sikutafutii. Wanachokukata ni jasho lako, sawa. Na nguo za jasho hilo nafua mimi."

Ilikuwa kweli. Bi mdogo alisema masizi ya boila yanampandisha kichefuchefu, basi baba alizileta nguo zake Mbwawa kila Ijumaa, mama akazifua. Aliyezifua hakuwa na kibati. Mimi nilizianika, na nilipozianika nilikuwa nikizipiga.

Siku ya Idi mdogo wangu aliletwa kwetu na gauni jipya, lakini gauni sikulijali. Alipandisha mkono akanionyesha alama ya chanjo, duara dogo lililobonyea begani, linang'aa. Nikamwomba niliguse.

"Gusa, lakini unipe bibo."

Nikampa bibo. Nikagusa. Akasema mara ya pili ni bibo jingine, nikampa na hilo. Nilikuwa radhi kumpa mkorosho mzima. Alama ile niliiona kama muhuri wa baba, kama vile baba amekaa, amewatazama watoto wake wote, halafu ameweka kidole kwa yule.

Basi ikaja habari kwamba ndui imeingia Magindu. Mzungu akatoa amri langoni: asiye na alama mkononi asiingie kambini. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kila Alhamisi kuchukua unga ambao baba alitutolea katika posho yake. Siku hiyo mlinzi akanisimamisha.

"Mkono."

Nikampa.

"Huu mkono wa kulia ugali tu. Wa chanjo uko wapi?"

"Sina. Baba yangu ni mpiga moto wa boila."

"Hata awe mpiga moto wa jehanamu. Rudi kwenu, mama."

Vibarua waliokuwa hapo wakacheka. Mdogo wangu alikuwa ndani ya uzio amesimama na kipande cha muhogo wa kuchoma, ananitazama. Hakucheka, ila hakuacha kutafuna. Nikarudi Mbwawa na kikapu kitupu.

Mama hakunigombeza. Mchana akaniita uani nyuma ya jiko. Mkononi alikuwa na korosho mbichi. Sisi watu wa mikorosho tunajua mafuta ya ganda lake, yakigusa ngozi yanaunguza mpaka panatoka lengelenge, na likipona kovu halifutiki. Wavulana wa kwetu walijichorea nayo vifuani. Mama akavunja ganda, akachovya kijiti, akanizungushia duara begani, pale pale alipokuwa nalo mwenzangu.

"Kaza meno," akasema. "Hakuna mtoto wa ndani na mtoto wa nje. Ukiulizwa, umechanjwa. Ukitamka korosho, baba yako anafukuzwa kazi na mimi nafungwa."

Palivimba, pakatoa maji, pakafanya gamba. Lilipobanduka nilibaki na alama nzuri kuliko ya mdogo wangu, duara lenyewe halikuwa na mkunjo. Wako wanaoniambia, "Basi mkosaji ni mama yako." Sikubali, na anayesema hivyo huwa simpi chai. Mama alitengeneza alama kwa sababu alinyimwa chanjo. Hakujua kwamba ndani ya kile kidonda cha kweli palikuwa na kitu kinachoingia mwilini na kukaa. Nani alimwambia? Waliokuwa na kibati ndio walioelezwa. Mama alidhani ni pasi ya langoni, na langoni ilikubaliwa. Mlinzi alitazama, akasema, "Kumbe umekuwa mtu," nikapita.

Bi mdogo hakudanganyika. Aliponiona mlangoni kwake alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akaunusa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mama yako fundi. Korosho za mwaka huu zina mafuta." Akaniachia, huku anacheka. Nataka hilo likumbukwe vizuri. Alijua.

Baadaye kidogo mama aliitwa Kisarawe, mama yake hali mbaya. Hakutaka kunipitisha njia yenye maneno ya ndui, akaniacha kambini kwa baba. Nililala chumba kimoja na mdogo wangu, nikala alichokula. Nisiseme uongo, nilifurahi. Kisha Mzungu, kwa kuogopa habari za Magindu, akatoa amri nyingine. Kila anayelala kambini achanjwe, awe na kibati, awe hana. Mgeni, shemeji, mtoto wa ndugu, wote.

Mnaona ilivyokuwa. Mlango niliokuwa nikiutazama tangu Idi umefunguka wenyewe.

Tulipangwa mstari mbele ya stoo ya singa za mkonge. Bi mdogo mbele, mdogo wangu katikati, mimi nyuma. Dresa, ndiye aliyekuwa tabibu wetu wa kambi, alikuwa na kaptura iliyonyooshwa, kijichupa cha dawa chembamba kama unyasi na sindano aliyoipitisha kwenye moto wa taa. Mtu mwenye maringo, hakupenda kuinua macho. Alipofika kwa mdogo wangu akasema, "Alama ipo, pita." Akaja kwangu. Akapandisha mkono wa gauni langu.

"Alama ipo. Nani alikuchanja wewe? Sikukumbuki."

Akilini nilimwona baba akifukuzwa na mama amefungwa kamba. Nikamtazama bi mdogo. Nilimtazama kama mtu anavyomtazama aliyeshika kamba ya ndoo yeye akiwa kisimani. Angeweza kusema, "Mchanje tu, bwana, haidhuru." Neno hilo lisingemfukuzisha mtu kazi.

Akasema, "Alichanjwa kwa wajomba zake, Kisarawe."

"Pita," dresa akasema. Hakuuliza mara ya pili. Alama ya chanjo na alama ya korosho hazifanani kwa mtu anayetazama, na yeye kazi yake ilikuwa kutazama. Lakini mstari ulikuwa mrefu, na jua kali, na mimi mtoto wa nani? Nikapita. Nyuma yangu alikuwa kibarua aliyelala kambini usiku mmoja tu, akitokea wapi sijui. Yule akachanjwa.

Jioni tulikula ugali na kisamvu. Bi mdogo akamweleza baba, mimi niko hapo hapo na tonge mkononi.

"Leo nimefunika uongo wa mke mwenzangu. Dresa alitaka kujua mkono wa huyu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema Kisarawe."

Baba akatafuna, akameza. "Umefanya vizuri. Angelifikisha kwa Mzungu, tungetolewa wote."

Basi. Dresa alikuwepo kesho yake, na kesho kutwa pia, akichanja wa zamu ya usiku. Baba alifanya naye mzaha kila siku pale boila. Angenishika mkono akanipeleka, akasema alama ya kwanza haikushika. Walikuwepo waliochanjwa mara mbili kwa sababu hiyo. Hakunipeleka. Nimewaza miaka mingi kama alisahau au aliogopa, na sasa siwazi tena. Kwa yule mtoto mwingine asingesahau, na kwa yule mwingine uoga ungemtoka.

Mama alirudi, nikarudi Mbwawa. Ndui ikafika kwetu kabla mvua hazijaanza. Mimi ilinianza kwa mgongo na kichwa, kisha vipele, na jumbe akaamuru nipelekwe kibanda cha wagonjwa porini. Mama alikuwa hajachanjwa, na kila mtu alimwambia aniache kwa yule bibi aliyewahi kuugua akapona, ambaye ndiye aliyewahudumia wagonjwa. Mama akabeba mkeka wake akaingia.

Baba alikuja mara moja. Alisimama ng'ambo ya shamba la mtama, akapaza sauti.

"Mnaendeleaje huko?"

"Njoo uone," mama akajibu.

"Siwezi. Nyapara kasema atakayeingia huko asirudi kazini."

"Una chanjo mkononi, baba watoto. Hiyo chanjo unamwekea nani?"

Baba aliweka unga juu ya kisiki akaenda. Niliyasikia hayo kwa masikio tu, macho yalikuwa hayafumbuki. Jicho la kushoto halikufumbuka tena sawasawa. Nilipoanza kuona kwa lile la kulia, mama alikuwa amelala pembeni yangu, na vipele vimejaa usoni. Yule bibi akamwosha yeye na mimi mpaka mama akawa hana haja ya kuoshwa ila ile ya mwisho. Alizikwa na watu wachache. Mkeka na kanga zake vikachomwa moto.

Bi mdogo bado hai. Ni mzee, hana meno, na kila mwezi wa Ramadhani hunieleza kwamba siku ile alinisetiri. Anasema, "Ningesema kweli, mama yako angefungwa." Labda anaamini. Mimi humsagia viazi akala, nikamwambia ale taratibu.

Nilipopona baba alinichukua kambini. Sasa alikuwa na mke mmoja, kama shamba lilivyotaka, na mtoto wa nyumba nyingine hakuwepo tena kwa sababu nyumba nyingine haikuwepo. Tulikwenda kwa dresa nikaingizwe daftarini. Alinitazama uso, safari hii aliinua macho, akarudi nyuma hatua.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wangu," akasema bi mdogo. Alisema upesi, bila kutikisika, kama alivyosema Kisarawe.

Dresa akaniinamia. "Huyu ni mama yako?"

"Hapana," nikasema. "Mama yangu amekufa."

Baba akanibana bega. Bi mdogo akacheka kidogo, akamwambia dresa, "Homa ilimpanda kichwani, anachanganya." Dresa akatikisa kichwa, akaniingiza. Akasema nitapata kwinini na dawa ya safura kama wengine, ila chanjo ya ndui sitaihitaji maisha yangu yote. Alilisema kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema.

Chumbani mdogo wangu alisogeza mkeka kunipa nafasi. Alikuwa ananiogopa na hataki nijue. Akanyoosha kidole, akanigusa shavuni kwenye shimo mojawapo.

"Yanauma?"

"Hayaumi."

Akagusa jingine. Nilimwacha. Kila alipokuwa akigusa alisogea karibu, na mimi kwa jicho langu moja niliutazama uso wake, paji, pua, yale mashavu, mpaka nikaujua wote. Mimi na yeye tulifanana na baba. Ule ndio uso ambao ungekuwa wangu.