Kigogo cha Baba Mkwe

Mtu akiniuliza kwa nini nilianza kukereza mbao, namjibu kwamba ni ujinga tu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu Mbinga mjini, nilipenda duara, na nilidhani mti utanitii kuliko wanafunzi. Mashine niliiunda mwenyewe kwa miguu ya cherehani mbovu ya mke wangu. Unakanyaga chini, gurudumu linazunguka, kipande cha mti kilichofungwa mbele yake kinazunguka nalo, wewe unakichonga kwa patasi. Ukieleza hivyo inaonekana rahisi. Thubutu!

Patasi zenyewe zilinitoa roho. Ulikuwa wakati ule biashara ilipofunguliwa, na maduka ambayo jana yalikuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa kila kinachong'aa. Nilinunua seti nzima pale Kitai, yenye mipini myekundu, nikaipakata ndani ya basi kama mtoto mchanga. Zilikuwa laini kama sabuni. Zikigusa fundo zinapinda. Nikizinoa asubuhi, adhuhuri ni butu. Zamani tulikosa vitu, sasa vitu vilikuwepo vikatudhihaki. Mwishowe nilichukua tupa kuukuu, nikaisaga ncha kwenye jiwe mpaka ikawa na makali ya kuparua. Hiyo ninayo hadi leo.

Baba mkwe wangu alikuwa mchonga mitumbwi huko Liuli, ziwani. Alifanya kazi kwa shoka na tezo tangu ujana. Aliposikia mkwewe wa Kimatengo ana mashine ya kuzungusha mti, alicheka mpaka akakohoa.

"Mti hauzungushwi, mwanangu," aliniambia. "Unauzunguka wewe."

Nilikasirika, lakini mkwe hajibiwi.

Kisha macho yake yakaanza kufifia, na mwaka mmoja yakazima kabisa. Siku moja lori la samaki likaniletea kigogo kilichofungwa kwenye gunia bichi, na dereva akanipa ujumbe wa mzee: kigogo kile ni masalio ya mti wa mtumbwi wake wa mwisho, hatachonga tena; nimtengenezee bakuli la kunawia mikono, na kabla ya hapo kigogo kikae majini. Kingine hakipo.

Kikae majini! Huku kwetu milimani, penye ukungu wa kulowesha hata kiberiti mfukoni, kila kitu cha maana hukaushwa juu ya moto: mahindi ya mbegu, maharage, mipini ya majembe. Kwetu mti uliolowa ni mti unaooza. Nikakifungua kigogo, nikakipandisha kwenye uchaga juu ya meko.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "Baba amesema majini."

"Baba yako anachonga mitumbwi. Mtumbwi ndio unaokaa majini, siyo bakuli."

Akageukia ugali wake, akausonga mwiko ukigonga sufuria. Ningekuwa na akili ningeuogopa mwiko ule.

Siku ya tisa, tukinywa chai, kigogo kikalia kwa kishindo juu ya vichwa vyetu. Kilikuwa kimepasuka toka kwenye moyo, nusu moja ikawa vipande vya kuni. Nikalaumu moto, nikalaumu moshi, nikamlaumu hata dereva. Nilijua wa kulaumiwa ni nani.

Nusu iliyobaki niliikereza Jumamosi tatu mfululizo, mguu ukiniuma kwa kukanyaga. Likatoka bakuli dogo la duara kamili; nililipima kwa bikari ya ubaoni. Lakini lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, toka ukingoni hadi kitakoni. Nikauziba kwa nta na unga wa mbao, nikalisugua kwa msasa na kuling'arisha mpaka jicho lisiweze kuuona. Mwalimu mzima, nikasahau kwamba nampelekea mtu asiyeona.

Tulipofika Liuli nilimwamkia, "Shikamoo, Baba," akaitikia huku mikono imeshanyooshwa. Vidole gumba vyake vilizunguka ukingo mara moja, mara mbili, vikasimama palepale penye nta.

"Uliliweka motoni."

"Ndiyo, Baba."

"Na kipande kingine?"

"Kimepasuka chote."

Nilingoja acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa na bakuli mapajani, kidole kikienda na kurudi juu ya ufa ule. Kisha akamwomba mke wangu amfikishe ufukweni, wakalijaza mawe na kulizamisha pale mitumbwi inapofungwa.

Siku tatu. Lilipotolewa, mti ulikuwa umevimba, ufa umejifunga, nta imetemwa nje. Na duara langu halikuwepo tena. Bakuli lilikuwa kama yai.

"Baba, limepinda!" Sikuweza kujizuia.

Yeye akalijaza maji, akasubiri, akapitisha kiganja chini ya kitako. Pakavu.

"Linashika maji," akasema. "Nawa."

Nikanawa, kwenye bakuli la yai, nimenuna.

Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba:

"Hiyo mashine yako, mtu asiyeona anaweza kuikanyaga?"

Nilitaka kumkumbusha kwamba mti hauzungushwi. Maneno yalishafika mdomoni. Nikatazama ile mikono, imekaa tu mapajani, haina kazi, nikayameza.

"Anaweza, Baba. Makali unayafuata kwa kidole."

Wiki iliyofuata niliifungua mashine yangu nati moja moja, nikaipakia kwenye lori la samaki lililokuwa likirudi tupu ziwani, nikakaa juu yake nikinung'unika njia nzima. Patasi za Kitai nilizitupa. Ile ya tupa nilimwachia mpaka alipofariki.