Waya Mfupi wa Baiskeli ya Salma

Ninaikumbuka vizuri Ijumaa ile, mwanangu, kwa sababu tulitoka msikitini tukiwa na furaha, na muda mfupi baadaye nyumba nzima ilikuwa haisemezani.

Mjukuu wangu Salma alikuwa anasafiri kesho yake kwenda pwani, kwenye mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa mfululizo. Yalikuwa ya kwanza kwake. Baba yake, Idrisi, ni mwanangu wa pili wa kumzaa, na ni fundi wa baiskeli hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi, kama nilivyokuwa mimi. Baiskeli ya mashindano hayo ina mikono miwili mirefu mbele, ambayo mwendeshaji huilalia ili kuukwepa upepo. Vishikio vya kubadilishia gia za zamani vilikuwa kwenye ncha za mikono hiyo, mbali na breki, kwa hiyo Salma akitaka kubadilisha gia mteremkoni ilimbidi aachie breki. Idrisi aliliona hilo siku moja mazoezini akakosa usingizi. Ndipo akamtafutia gia za umeme. Unabonyeza kitufe, na mota ndogo nyuma inausogeza mnyororo. Vitufe viko kwenye ile mikono mirefu na vingine penye breki.

Alizifunga asubuhi, nje ya karakana yetu. Jirani yetu muuza mboga hakuacha kumtania.

"Fundi, baiskeli ya kuchaji kama simu? Ikizima njiani utainunulia tokeni za umeme?"

"Cheka tu, mama. Sukuma wiki yako haina hata kitufe kimoja."

Tuliporudi kutoka msikitini Salma akapanda. Waya wa kuunganisha vitufe na mota ulikuwa umefichwa safi ndani ya mabomba ya fremu. Akabonyeza, gia zikaitika. Alhamdulillahi. Akakunja kona ya kwanza, zikafa. Akanyoosha, zikarudi; kona ya pili, zikafa tena.

"Daddy, imegoma tena!"

"Umebonyeza vibaya."

"Si mimi! Nikikata kona tu, inazima. Wacha nirudishe zile za kitambo."

"Ukizirudisha zile, husafiri."

Salma akashuka, akaiegemeza baiskeli ukutani. Na Idrisi naye, aliyeyafanya yote kwa mapenzi, akainamia zana zake bila kumtazama.

Niliutazama ule waya nikamkumbuka Mzee Shabani, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi kule sokoni Gikomba. Nilikuwa kijana, nimefunga waya wa breki ukakazika kama kamba ya kuanikia nguo, nangoja kusifiwa. Mzee akaushika usukani, akaugeuza hadi mwisho. Breki ikajibana yenyewe. Akaniambia, "Umemfungia mtu aliyesimama. Mwenye baiskeli anataka kwenda."

Sasa, kumkosoa mtu mbele ya mtoto wake ni kumvua nguo. Nikamtuma Salma akalete chai. Alipoondoka nikasema, "Idrisi baba, hebu geuza usukani polepole."

Akageuza. Akauona waya unavutika mpaka kichwa chake kinalegea kwenye tundu. Sandukuni mlikuwa na waya mrefu na waya mfupi, naye alichagua mfupi kwa kuwa ulikaa nadhifu. Simlaumu. Sisi tuliozoea nyaya za chuma tunaamini kwamba waya mlegevu ni wa fundi mlegevu. Lakini huu wa umeme hauvuti kitu, unapeleka habari tu, hata ukilegea.

Salma aliporudi na birika, baba yake akamwita.

"Njoo, mama, vidole vyako ni vyembamba. Mimi nilifunga mfupi."

"Ati wewe, Daddy?"

"Ati mimi. Usitangazie mtaa mzima."

Wakafunga uzi kwenye mkia wa waya mfupi, wakauchomoa, uzi ukabaki ndani ya bomba. Kisha kwa uzi ule ule wakauvuta waya mrefu. Geuza kulia, geuza kushoto, gia zikaitika. Tukanywa chai, tukaenda kuswali alasiri.

Jumapili Salma alipiga simu, bado anahema. Wengi walimtangulia, lakini alimaliza, na katika mteremko mkali hakuachia breki. Idrisi akasema, "Haya, kula kwanza," akakata simu, akatugeuzia mgongo, akaanza kupanga zana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mwanangu, anayependa sana hukaza sana, na kamba ikivutwa mno hukatika. Ukijaliwa mtu wa kumlea, mke, mtoto au mwanafunzi, mpimie kwa njia atakayopita, umwachie nafasi ya kugeuka. Sikwambii umwachilie ovyo, kwani waya usioshikwa mwisho hauna faida. Na ukigundua umekaza kupita kiasi, liseme wewe mwenyewe, mapema, mbele ya yule uliyemkazia. Heshima yako haitapungua. Ya Idrisi nyumbani kwake iliongezeka siku ile.

Mwenyezi Mungu akupe mkono unaoshika bila kubana, akuvushe kila mteremko salama, na awarudishe nyumbani wote unaowaombea. Amin.