Kamba ya kisima yetu

Kamba ya kisima yetu iko na mafundo, kila mita fundo moja. Ni mi nilifunga, juu masomo yangu iliishia ku mwaka wa tatu, na mafundo njo hesabu yangu. Miaka yote ndoo ilikuwa inagusa mayi ku fundo ya kenda. Asubui moja bibi yangu alikuya na ndoo ya matope, akasema kamba imeisha yote na mayi hakuna. Nilimujibu ni kiangazi tu. Kweli ni kusema sikutaka kutoka pa kiti.

Ile kisima tulichimba sisi wawili, mi chini, yeye juu anavuta udongo, na mimba ya binti yetu wa kwanza ku tumbo. Huyu binti leo iko Tenke, kila mara anatuita tukakae kwake. Bibi yangu hataki. Lakini bomba ya mutaa inatoa paka hewa, mayi hapana, na mugongo yake haiwezi tena kubeba bido ya mayi toka mbali. Kisima ikikufa, tunaenda. Tulijua bote wawili.

Mbele nilitosha matope mu kisima, ndoo kwa ndoo, siku mbili. Chini ilibakia kukauka sawa sahani. Nyuma nikashusha mushumaa, juu mutu hashuki mu shimo bila kujua kama kuko hewa. Mushumaa haukuzimika. Ulilala, kuelekea ku ukuta wa upande wa jirani. Nilijiuliza: upepo unatafuta nini mu kisima?

Nikashuka. Pale chini kulikuwa ufa, mukono unaingia, na mule ndani sauti: tu-tu-tu-tu. Mwingine angesema ni mashetani. Mi nilifanya kazi ku pompe, mashini ya kuvuta mayi, maisha yangu yote, kule ku mugodi ya Mashamba, kutosha mayi mu shimo kubwa ya shaba ili benzangu bachimbe pakavu. Mama anajua kilio cha mutoto wake. Mi najua pompe. Na hii ilikuwa inafanya kazi muzuri sana. Nilishika kamba, nikapanda.

Kule juu nilikumbuka. Mbele ya Pasaka jirani alikuya kwangu na chupa mbili za biere. Ni baba wa watoto, zamani alikuwa anauzisha bitambaa, leo anachimba mawe ya shaba mu parsele, kiwanja ya nyumba yake, chini ya bache, turubai ya kufichia shimo. Kila mutu anajua, hakuna mwenye anasema. Alisema mayi inabajalia mu shimo, ye na bantu bake, akauliza kama tata, ni kusema mi, mutu wa pompe, anaweza kubasaidia. Tangu baliniachisha kazi hakuna mutu alikuwa ameniuliza kitu. Nikakamata kijiti, nikamuchorea ku udongo: chimba kishimo kidogo chini kupita pote, mudomo ya tiyo, ule mupira wa kuvuta mayi, isiguse matope, na pompe isilale. Nilimuambia mayi itakuya yenyewe.

Sikuuliza inatoka wapi. Mi, mwenye kisima hatua makumi mbili toka pale.

Nilienda kwake. Alinipa kiti, akaita mama wa nyumba alete chai. Si mutu mubaya. Tiyo yake ilikuwa inatapika mayi mu barabara, nyekundu, na bata bilikuwa binaoga. Nilimuomba azimishe pompe.

"Tata, bantu bangu bako chini," akasema, pole pole. "Nikizimisha, mayi inabafunika. Si weye ulitukataza kuzimisha?"

Nilikunywa chai.

Kwa nyumba bibi yangu alikuwa anachambua maharagi. Nilimuelezea yote, na kijiti, na biere. Alichambua mpaka sahani ikaisha, njo akasema:

"Ile siku ulirudia na furaha. Nilifikiri bamekurudishia kazi."

Kesho yake alianza kupanga bintu bya kwenda kwa binti. Siku ya tatu alienda kufungua kamba ku mti wa kisima, juu hatukuwa na kingine cha kufungia matela, godoro yetu. Mafundo ilikatala kupita, kila mara tunavuta, inakwama, matela inabakia kulegea. Akanituma niyafungue. Nilijaribu na vidole, nilijaribu na meno. Nilikuwa nimefunga na nguvu, wakati ule, ili isifunguke milele.

Kamba ilienda vile, na mafundo yake yote, mpaka Tenke.