Fintan Hatarudi Kinyumenyume

Padri Coyne alipoingia uani asubuhi ile, Attracta alidhani amekuja kumlalamikia mdogo wake, Fintan, kwa kukosa Misa tena. Akamwahi mlangoni, mikono ina unga.

"Padri, mwenye dhambi wako yuko barabarani, anamwaga lami."

"Ndiko nitokako," padri akasema, akavua kofia.

Lori lilirudi nyuma likamkanyaga, Fintan akiwa ameligeuzia mgongo.

Alikuwa kapera wa miaka hamsini na kitu, akila viazi vya dada yake huku akivilaumu. Ujana wake wote uliishia kwenye barabara kuu ya Sligo. Rozari aliisali akisinzia, ila "Amina" haikumpita hata siku moja, tena kwa sauti ya kuamsha ng'ombe. Na vile vilio vya malori yanaporudi nyuma, alishamwambia padri mezani kwamba ni kama mahubiri: ukivisikia kutwa nzima, huvisikii tena. Padri alicheka mpaka chai ikampalia. Attracta alimchapa nduguye kwa kitambaa cha vyombo.

Matangani kila mtu alimlaani Malachy, dereva wa lori lile, rafiki wa Fintan tangu shule. Attracta alimimina chai, akimwomba Mungu moyo safi. Mungu hakuwa na haraka.

Siku ya maziko, gari la jeneza lilifika kwenye kijia cha makaburini. Juu hakuna pa kugeuzia, hivyo hupanda kinyumenyume. Dereva akatia gia, likaanza kulia: pii, pii, pii. Watu wakaganda. Attracta akagonga kioo.

"Zima hicho. Ndugu yangu harudishwi nyuma."

Ikabidi abebwe begani. Wenzake wa lami walijitokeza watano, akapungua mmoja. Malachy alikuwa amejibanza ukutani kama mbwa aliyeiba soseji. Attracta alimtazama, na watu wakamtazama Attracta.

"Malachy, unangoja mwaliko wa askofu? Njoo umbebe mwenzio. Ni mzito, viazi vyangu vyote vimo humo."

Malachy akaja akilia, akaingiza bega. Wakapanda, nyuso mbele, mvua ikiwanyeshea. Walimshusha kwa kamba, wakafukia kwa makoleo yao ya kazini. Padri alipomaliza sala, wote wakakawia, kwa mazoea ya kumngoja Fintan.

"Amina," akasema Attracta, kwa sauti.

Kisha wakateremka kunywa chai.